Kuta za Sufi

Umewahi kulalia mto wa sufi? Sisemi hii sponji ya dukani, ambayo ukiilalia mwaka mmoja inabonyea katikati kama kitumbua kibovu. Nasema sufi yenyewe, ya mti, iliyochambuliwa kwa mkono, ikaanikwa juani, ikashindiliwa ndani ya kitambaa cha marikani mpaka mto ukawa kama shavu la mtoto aliyeshiba. Kama hujawahi, basi huijui kazi aliyokuwa akiifanya Esteria asubuhi ile, Sabra alipofika mlangoni kwake, pale kwenye njia ya kupandia msitu wa Magamba, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba.

Esteria alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanga imemziba pua na mdomo, kwa sababu sufi ikikuingia puani utapiga chafya mchana kutwa. Mbele yake palikuwa na tenga la sufi iliyotoka huko chini Mombo, kwenye joto, maana huku kwetu msufi hauoti ukakubali. Alichomeka ndani ya tenga kijiti chenye msalaba mdogo mwishoni, akakizungusha kati ya viganja. Sufi ikapanda juu kama povu la maziwa, mbegu nyeusi zikadondoka chini.

Hodi hakuisikia. Aliona kivuli kimeanguka juu ya tenga, akainua uso, akaona msichana amekunja magoti kidogo na midomo inacheza.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sogea huku, kaa kwenye mwanga. Macho yangu si mazuri."

Macho yake hayakuwa na neno. Esteria angeweza kutunga uzi kwenye sindano huku anatembea. Kilichokuwa kimemwacha ni masikio, tena taratibu, kama mgeni anayeaga kila siku na kila siku anakaa tena kidogo, halafu siku moja unaangalia kiti hayupo. Hakuna aliyejua. Mtu akija alimkalisha kwenye mwanga, akamtazama mdomo, na yale asiyoyapata mdomoni aliyaokota kwenye mikono na nyusi.

Mdomo wa Sabra aliupenda. Wako watu wanaongea kama wameficha ugoro chini ya ulimi, wasome utakavyo hutapata kitu. Huyu alifungua kila neno mpaka mwisho. Kwao ni Mlalo, wazazi wake wanalima karoti na kabichi, yeye alisoma Dar es Salaam, na sasa amerudi milimani na masanduku ya nyaya.

"Bibi, mimi natengeneza vitu vya kusikiliza," alisema. "Kuna kituo pale Lushoto mjini kinasaidia wasanii. Wamenipa pa kulala na vyombo vya kazi. Mzee Hashimu naye kanipa ghala lake la viazi. Nataka watu waingie, wakae kwenye giza, sauti za huku kwetu ziwazunguke. Nyuma, mbele, juu, mpaka chini."

"Kama redio?"

"Redio inaongea ikiwa mbele yako, bibi. Hii wewe unakuwa ndani yake. Kama ukiwa ndani ya mvua."

"Watu kwenye mvua hukimbia."

Sabra akacheka, akajipiga paja. "Basi kwangu watalowa bila kulowa."

Wakaenda kuliona ghala. Ni matofali matupu na bati, na harufu ya viazi vya miaka mingi. Sabra akasimama katikati, akapiga kofi moja, akainua kidole: sikiliza. Halafu akasema ndiyo hiyo shida, sauti inagonga ukuta inarudi, inagonga tena, kila kitu kinavurugika. Angepata magodoro ya kuvika kuta zote, ya sufi, sauti ingetulia. Sponji alikwisha kuijaribu, haikumridhisha.

"Umeisikia inavyorudi, bibi?"

"Inarudi kweli," akasema Esteria. Na yeye akapiga kofi, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepima chumvi. "Tena inarudi sana."

Hakusikia chochote. Aliona viganja vyake tu vimekutana.

Sasa utauliza, kwa nini asiseme? Kutosikia si wizi. Lakini Esteria alikuwa na dada, Yunis, ambaye masikio yake yalikufa mapema. Watu wakikaa jikoni, wakicheka, Yunis aliuliza, "Kasema nini?" Wakamjibu, "Hamna kitu, dada." Msibani hamna kitu. Harusini hamna kitu. Ikafika mahali wanazungumza juu ya kichwa chake, hata habari zake mwenyewe, kama vile ni kinu kimewekwa pale. Alikaa hivyo miaka, mpaka akaacha kuuliza, na hakuuliza tena mpaka alipokufa. Na Esteria, nisikufiche, alikuwa mmoja wa waliokuwa wakisema hamna kitu. Si kwa ubaya. Kurudia maneno kunachosha, na kichekesho kikirudiwa kinapoa. Ndiyo maana aliogopa. Aliyajua mambo hayo kutokea upande wa pili.

Basi akaanza kushona.

Godoro hulala, lakini ukuta husimama, na hilo lilimsumbua mwanzoni. Sufi ukiisimamisha inateremka yote chini kama soksi iliyolegea. Akakaa akafikiri. Akaamua kila godoro aligawe kwa mishono ya kulala, liwe na vyumba vyumba kama kabati la dawa, na kila chumba akifunge fundo katikati kwa uzi wa katani, kwa ile sindano ndefu ya magunia. Sabra alipogonga mbao za fremu, Esteria alishindilia. Alishindilia kwa ngumi, halafu kwa mwiko wa kusongea ugali, halafu akaweka shavu kuona kama kuna shimo. Wiki zikapita hivyo. Mvua zikaja, sufi ikakataa kukauka, wakaitandaza juu ya dari la jiko la Esteria, ikanukia moshi. "Chumba chetu kitanukia kama kwa bibi," akasema Sabra, na Esteria akaupata mdomo vizuri, akafurahi mpaka akasahau kujibu.

Sabra alitembea na kinasa sauti shingoni kama mtu aliyevaa hirizi. Kila aliyepita alimuuliza anataka sauti gani iwekwe. Mzee Hashimu alitaka maziwa yanavyoingia kwenye ndoo wakati wa kukamua, mwanzo ndoo ikiwa tupu na mwisho ikiwa imejaa, kwa kuwa hazifanani. Beatha, jirani wa chini, alitaka parachichi likianguka juu ya bati lake. "Nishtuke kwako bure, badala ya kushtukia kitandani," alisema. Mwingine alitaka mbega wanavyounguruma alfajiri.

"Na wewe, bibi? Unataka nini?"

"Weka uzipendazo. Zote nzuri."

"Hata moja huna?"

"Nipe hiyo sindano, mwanangu."

Siku nyingine alikuja Loveness, yule dada anayeendesha kituo. Alikuwa mtu wa haraka, anaongea huku anatazama kwingine. Alizishika kuta, akazibonyeza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema jambo, Sabra akacheka, na Esteria akacheka. Alikuwa amejifunza kucheka. Unatazama mabega ya mwenzio. Yakianza kuruka na wewe unaanza, yakitulia unatulia, na mwishoni unafuta jicho kwa ncha ya kanga. Hapo alichelewa kidogo tu, na Sabra alimtazama kidogo, akarudi kwenye nyaya zake.

Kitu ambacho Esteria hakukijua ni kwamba kile kinasa sauti hakikuwa kimelala. Sufi ilipompata puani, hata kwa kanga, alipiga chafya zile kubwa za kuinua mabega, na kila chafya aliigombeza sufi: "Toka! Kwani mimi ni mto?" Alidhani anasema kimoyomoyo. Alikuwa anapiga kelele, ghala zima linasikia.

Siku ya kuwaonyesha majirani ilikuwa Jumamosi, alasiri, baridi imeshuka kutoka msituni. Loveness alifika na wenzake wa kituoni. Walimu wa shule ya msingi walikuja na wanafunzi wao, na wanakwaya wawili watatu, na Beatha akiwa amebeba kikapu cha parachichi kama vile kamleta mwimbaji mwenyewe. Ukutani kwa mbele palining'inia shuka jeupe, na mashine ilikuwa inalirushia picha ya ukungu unaotembea, ukungu tu, basi. Taa nyingine zote zilizimwa.

Esteria alibaki nje, mgongo kwenye mlango.

"Bibi, ingia uanze wewe," Sabra alimwambia, amemshika mkono. "Nusu ya chumba hiki ni yako."

"Waingie wageni kwanza. Mimi kazi yangu ni kushona."

Giza ndilo alilokuwa analiogopa. Kwenye mwanga alikuwa mtu kamili. Kwenye giza midomo yote inafutika, na mtu akimgusa bega akimuuliza umeonaje, atajibu nini? Akasimama anajibu salamu za wanaopita. Watoto wa shule wamekunja magoti: marahaba. Mwalimu wa kike kainama: marahaba. Mwanakwaya: marahaba. Mwanga wa alasiri ulikuwa nyuma yao, nyuso ni vivuli vitupu, na yeye mawazo yake yako ndani ya giza.

Mzee Hashimu akaja polepole na fimbo yake, skafu imezungushwa shingoni mpaka puani kwa sababu ya kifua. Esteria alipaswa kumwamkia. Tangu akiwa msichana mdogo alimwamkia yeye, kila alipomwona, hata akimkuta mara tatu kwa siku. Lakini aliona kivuli tu kimesimama. Mzee alingoja. Halafu akasema kwa utani wake, ndani ya skafu:

"Vipi, Esteria? Leo hata shikamoo sipati?"

"Marahaba, mwanangu," akasema Esteria.

Watu waliokuwa nyuma wakatazamana. Beatha akaweka mkono mdomoni.

"Mimi?" Mzee Hashimu alijigusa kifua. "Mimi niliyekuwa nachunga mbuzi wewe hujazaliwa? Leo nimekuwa mwanao?"

Loveness akashindwa kujizuia, akacheka. Kicheko kikawashika na wengine. Esteria akaona mabega yanaruka, akafanya lile alilojifunza. Akacheka na yeye, usoni kwa mzee, mpaka akafuta jicho kwa ncha ya kanga.

Mzee Hashimu akaivuta skafu juu ya pua. Aliingia ndani bila kugeuka, na fimbo yake akaikita chini kwa nguvu kuliko kawaida. Hapo ndipo Esteria alipomtambua, kwa mgongo, kwa lile koti lenye kiraka cha bluu alichokishona yeye mwenyewe. Kicheko kikamfia usoni.

Sabra alikuwa mlangoni na waya mkononi. Aliona yote. Akalikumbuka lile kofi la siku ya kwanza. Akakumbuka ni mara ngapi alimwita bibi kwa nyuma akadhani amezama kwenye kazi. Alifunga mlango, akaanza kuwaendeshea wageni, na alipochungulia tena nje, Esteria hakuwapo.

Nyumbani, Esteria alikaa mbele ya tenga. Alitia kijiti, mikono ikakataa kuzungusha. Kesho kila mtu atajua, alifikiri. Keshokutwa nitakuwa Yunis. Watanipokea vizuri, watanipa kiti kizuri na chai yenye maziwa mengi, na hakuna atakayeniambia kitu mpaka nizikwe.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mikaratusi kivuli kilipoanguka juu ya tenga.

Sabra hakuwa amepiga hodi. Alizunguka kwa mbele, akajisogeza mpaka mwanga ukamkaa usoni, ndipo akakunja magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Esteria aliangalia sufi. "Wageni wameondoka?"

Jibu halikuja. Akasubiri. Alipoinua macho, akaona Sabra naye anamsubiri, mdomo umefungwa. Baada ya macho kukutana ndipo akasema, "Wameondoka. Wamependa. Twende ukaone kazi yako."

"Mimi kule sisikii kitu, Sabra."

Lilitoka hivyo hivyo, dogo, kama mbegu inavyodondoka kwenye tenga. Sabra hakushangaa, hakumshika bega, hakufanya sura ya huruma.

"Najua, bibi. Nimejua leo. Nisamehe nilichelewa. Twende basi, kabla jua halijazama, maana nimeharibu mpangilio wangu wote kwa ajili yako."

Ghalani shuka jeupe lilikuwa limefunuliwa pembeni. Ile mashine ya kurusha ukungu aliigeuza, ukungu ukawa unatembea ukutani upande wa mlango na mwanga wake unamwangukia yeyote atakayekaa kwenye gunia lililo mbele. Spika kubwa kuliko zote, iliyokuwa juu, aliishusha akaifunga kwenye mbao za fremu, nyuma ya godoro la kona, lile la mwisho kushonwa. Akamkalisha Esteria chini, mgongo kwenye sufi, miguu mitupu juu ya mbao zilizounganishwa na fremu. Yeye akakaa kwenye gunia, uso wote uko kwenye mwanga.

Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu mgongo wa Esteria ukasikia. Sijui niseme namna gani. Kitu kilianza kumtembea kwenye mbavu kwa vidole vingi vidogo, kikaongezeka, kikashuka mpaka kwenye nyayo.

"Nini hiki?"

"Mvua," ilisema midomo ya Sabra. "Juu ya bati la jiko lako. Ile wiki ambayo sufi haikukauka."

Esteria akafumba macho, akayafumbua haraka asije akapitwa na mdomo. Vidole vikaisha. Kikaja kishindo, kimoja, mgongoni, akaruka.

"Parachichi la Beatha!" akasema mwenyewe, kabla hajaambiwa, na Sabra akapiga makofi.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Hashimu aliingia, akasimama, akaonekana anaongea na Sabra, na Sabra akagusa sikio lake, akagusa mdomo, kisha akamwonyesha mahali pa kukaa, hapo hapo kwenye mwanga. Mzee alikaa kwa kusaidiwa na fimbo. Halafu akaishika skafu yake, akaifungua mzunguko mmoja, akaifungua wa pili, akaiweka magotini. Pamoja na kifua chake kibovu na baridi ile.

"Nimeivua," alisema polepole, akilifungua kila neno, "upate kuuona mdomo. Ingawa meno ya kuonyesha hayapo."

Esteria alitaka kuinuka, lakini kutoka pale chini si kazi ya mara moja. Akainamisha kichwa pale pale alipokaa.

"Shikamoo, kaka Hashimu."

"Marahaba, Esteria. Marahaba. Nilikuwa nimeingojea tangu saa tisa."

Maziwa yakaanza kuingia kwenye ndoo. Esteria aliyapata kwenye uti wa mgongo, makali mwanzoni, halafu yakawa mazito na laini kadiri ndoo ilivyojaa, na mzee akawa anatikisa kichwa kumwonyesha: hapo, hapo imefika nusu. Walikaa hivyo, wazee wawili na msichana, ukungu unatembea kwenye nyuso zao.

Kisha mgongo wake ukapigwa na kishindo kikubwa cha ajabu, na baada yake mtetemo mfupi mfupi. Akakitafuta akilini. Si parachichi. Si mbega. Kikaja tena. Mabega ya Sabra yakaanza kuruka. Mzee Hashimu akaegemea fimbo, mdomo wazi, machozi yanamtoka kwa kucheka. Kwenye spika, Esteria mwenyewe alikuwa anapiga chafya na kuigombeza sufi kwa sauti ya kuita watu shambani: "Toka! Kwani mimi ni mto?"

Mabega yake Esteria yakaanza kuinuka, kwa mazoea, yawafuate wenzake. Akayazuia.

"Kuna nini?" akauliza.

Mzee Hashimu akapunga mkono, bado anacheka, anajifuta macho kwa skafu. "Hamna kitu, Esteria. Hamna kitu."

Sabra akaacha kucheka. Esteria alikuwa amemtazama mzee mdomoni, hakuondoa macho. Mkono wake ulikuwa umelishika fundo moja la katani kwenye godoro, analiviringisha kati ya vidole.

"Kaka," akasema, "Sabra aliniuliza nataka nini, sikumjibu. Sasa nawaambia. Sitaki mvua, sitaki mbega. Mkicheka nataka mniambie mnachekea nini. Hata kama kichekesho kimepoa. Hata kama ni kunicheka mimi. Niambieni."